Miezi mitano na programu ya kusoma matangazo kwa sauti

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku Newala. Wanachama wetu wengi ni wazee. Maandishi ya simu hawayaoni vizuri, lakini ujumbe wa sauti wa WhatsApp wanausikiliza. Ndiyo maana mwezi Juni nilianza kulipia programu inayogeuza maandishi kuwa sauti ya Kiswahili.

Sauti yenyewe nimeipenda: ya kike, tulivu, haikimbii. Kazi iko kwenye kuandika. Tangazo la kwanza nililinakili kama lilivyobandikwa ubaoni: "Mkutano 03/06, saa 4:00 asb. Kila mkulima mifuko 3 ya salfa." (Salfa ni dawa ya mikorosho.) Programu ikasoma "sifuri tatu mkwaju sifuri sita", kisha "saa nne sifuri sifuri", kisha "mifuko tatu". Babu mmoja akanipigia: "Mjukuu wangu, mkutano wenyewe lini?"

Tangu siku hiyo tarakimu naziandika kwa maneno. Namba zetu nyingi hufuata ngeli: mifuko mitatu, magunia matatu, watu watatu, na programu hii haitambui hilo hata kidogo. Barua ya ofisi ikisema 10:00, mimi naandika "saa nne kamili asubuhi". "Sh 3,450/kg" inakuwa "shilingi elfu tatu, mia nne na hamsini kwa kilo". Vifupisho vyote, kuanzia "asb" hadi "n.k.", navifungua.

Bei naipa sentensi yake peke yake, halafu nairudia. Anayesoma hurudisha macho juu; anayesikiliza akipitwa, amepitwa. Mkato na nukta ndizo pumzi za programu hii, kwa hiyo sentensi ndefu nazikata.

Maneno machache bado yanasumbua. Nikiandika "salfa inyunyizwe barabara", inatamka barabara ya magari, mkazo kwenye silabi ya tatu badala ya ya pili. Nimebadilisha, naandika "vizuri". Na ng'ombe akiandikwa bila kile kikoma cha juu, "ng" inasikika kama ya ngoma.

Kila tangazo nalisikiliza mpaka mwisho kabla ya kulituma. Linanichukua kama robo saa, na naona inafaa. Nitaendelea kulipia. Ombi langu kwa waliotengeneza ni moja: ifundisheni namba za Kiswahili zifuate ngeli.