Jioni za slaidi ishirini hapa Dar: nenda, ila chagua ile yenye saa

Mi ni mtu wa hivi vitu, nisiwafiche. Zile jioni ambazo wabunifu wanakusanyika, mtu anapanda mbele na projekta anaonyesha kazi zake, afu baadae watu wanabaki wanapiga stori na kupeana namba, sasa hivi Dar zipo kibao kuanzia Upanga mpaka Mikocheni mpaka kule Sayansi kwa watu wa teknolojia. Na kila nikitoka huko lazima mtu aniulize kuna nini cha maana zaidi ya sambusa na selfi. Jibu langu ni kwamba inategemea na kitu kimoja, kama wenye shughuli wanaheshimu saa. Sio saa ya kuanza, hiyo wote tumeshakata tamaa, nazungumzia saa ya mtu kushika maiki.

Mfumo ninaoukubali ni ule wa PechaKucha. Kwa ambao hamuujui, ulianzia Tokyo mwaka 2003, walioanzisha ni wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walikuwa na ukumbi wao mtaa wa Roppongi unaitwa SuperDeluxe na walitaka vijana wabunifu wapate pa kuonyesha kazi zao, sema waliwajua vizuri wasanifu wenzao, ukimpa msanifu maiki na picha ndo imetoka hiyo, hashuki. Kwaiyo wakaweka kanuni: slaidi 20, kila moja inakaa sekunde 20 afu inajigeuza yenyewe, huna rimoti, huna kurudi nyuma, dakika 6 na sekunde 40 umemaliza, anapanda mwingine. Leo hii zaidi ya miji 1,000 duniani imeshafanya. Wenye jina lao wanataka mkubaliane nao kwanza ndo mlitumie, ndo maana hapa kwetu utakuta jioni nyingi zinafuata mfumo ule ule ila tangazo halilitaji jina.

Sasa kwanini nasema saa ndo kila kitu. We chukulia shughuli zetu za kawaida. Kuna moja nilialikwa, hoteli kubwa, siitaji, tangazo linasema jioni ya wabunifu kuonyesha kazi na kutengeneza konekisheni. Tumefika, tumekaa, mgeni rasmi hajafika. Akafika. Utambulisho wa meza kuu, mmoja mmoja, na kila mmoja akisimama anasema itifaki imezingatiwa afu anaanza kuitaja itifaki upya yote. Hotuba. Neno kutoka kwa mdhamini. Video ya mdhamini, sauti haitoki, fundi akaja, video ikarudiwa toka mwanzo (ndio, toka mwanzo). Wabunifu wenyewe waliobeba kazi zao kwenye bajaji wakaja kuambiwa na emsii "jamani dakika mbili mbili tu muda umetutupa mkono". Kuna dada alikuwa na vinyago vya udongo mezani, hakuna aliyevigusa, watu walikuwa washaenda kwenye chakula.

Kwenye slaidi 20 hilo haliwezekani. Hata awe nani, ikifika slaidi ya ishirini amemaliza. Kuna jioni moja ya slaidi 20 niliyoenda, ndo hii ninayoisifia hapa, nilimuona mzee mmoja mwenye kampuni yake kubwa ya matangazo anakatwa katikati ya sentensi na slaidi yake mwenyewe, ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka akarudi kukaa, akafuata kijana anayechora katuni kwa simu akapewa dakika zile zile 6 na sekunde 40. Mi hiyo peke yake ningelipia.

Ila kitu kilichonifanya niandike haya yote ni dada mmoja anayebuni kanga. Alianza na kitu sikukijua, kwamba yeye anaanza na jina kabla hajachora chochote, anakaa na maneno hata wiki, akishayapata ndo anatafuta mji wa katikati utakaobeba yale maneno, pindo linakuja mwisho. Akaonyesha karatasi ya penseli, korosho zile tulizozoea kwenye kanga za bibi zetu, ila kazigeuza kichwa chini zinaangaliana mbili mbili. Afu akaingia kwenye rangi, kwanini ameishia rangi tatu na sio tano, kwamba kila rangi inayoongezeka ni gharama nyingine huko kiwandani, na hapo hapo wakati anaelezea hilo slaidi ya pindo ikaja, ikakaa sekunde zake 20, ikaondoka hajaigusa. Akageuka akaiangalia inavyoondoka akasema "haya pindo ndo hilo limepita, atakayelitaka tuonane kwenye soda".

Na hapo ndo utaelewa ule mfumo unafanya kazi vipi. Mtu akiongea nusu saa anamaliza kila kitu, mkitoka hakuna cha kumuuliza, unamwambia tu hongera kazi nzuri. Sekunde 20 hazitoshi kwa kitu chochote kwaiyo kila mtu anashuka na deni, na wewe uliyekaa chini una swali lako mkononi. Mapumziko yalivyofika watu wakamfata yule dada kwenye kona ya vinywaji bila kualikwa na mtu, na mmoja wao mzee wa makamo anayeuza kanga kwa jumla mtaa wa Uhuru. Dada akaamkia "shikamoo baba", mzee akaitikia akaenda moja kwa moja, "mwanangu hizo korosho nimezipenda, ila pindo lako jembamba, mama wa Tandika hainunui hiyo, anataka pindo alione kwa mbali". Wakabishana pale kuhusu upana wa pindo, dada anachora kwenye tishu, mzee anafuta kwa kidole. Wamepeana namba au hawajapeana sijui, lakini hiyo ndo konekisheni niijuayo mimi.

Linganisha na kule kwingine ambako emsii anatangaza "sasa ni muda wa netiwekingi, geuka mwambie jirani yako unafanya nini". Aibu tupu. Mtu anapita na kadi za biashara anagawa kama vipeperushi vya mganga, hakuulizi hata jina, siku hizi wengine wanakuletea simu wanakwambia skani hapa. Na lazima awepo yule wa "kaka nina fursa nataka nikushirikishe", ukimuona tu na notibuku na tabasamu lile jua ni biashara ya mtandao, zile za kuunga watu chini yako, jifanye unaongea na simu.

Msanifu kijana mmoja alitumia slaidi zote 20 kwenye jengo moja tu, soko la Kariakoo, lile la Beda Amuli la miaka ya 70. Slaidi kumi na ushee ni paa tupu. Akaonyesha jinsi zile nguzo zinavyofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, ili maji ya mvua yateremke na kukusanywa, afu akaweka picha ya baada ya moto wa Julai 2021 na kwa sekunde zote 20 hakusema kitu. Mi nimepita pale toka nipo mdogo nashikwa mkono, macho chini kwenye nyanya na wezi, sijawahi kuangalia juu hata siku moja. Huyu angepewa saa nzima angetuchosha na historia ya ujenzi, nakuapia.

Sio kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Kwanza lugha. Kuna watu wanaandaa maelezo yao kwa Kiingereza kwa sababu wanahisi ukumbi una wazungu watatu nyuma, na sekunde 20 haina huruma kwa mtu anayetafuta maneno, slaidi ya nne iko mbele yeye bado anamalizia ya pili. Aliyeongea Kiswahili alikuwa anamaliza na anapata hata nafasi ya kutania. Wenye shughuli waseme wazi kwenye tangazo kwamba lugha ni yako chagua.

Pili sauti. Spika zimeelekezwa mbele tu, waliokaa nyuma karibu na kaunta wanasikia barafu na chupa. Kaa safu tatu za mbele, upande ambao projekta haikupigi kisogoni.

Tatu, nimekuta watu hawataki kabisa kupanda kwa sababu wanaogopa kuibiwa wazo. Jamani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kutengenezwa, mchoro, wimbo, maandishi, hailindi wazo lililopo kichwani, kwaiyo ukikaa nalo nyumbani halilindwi pia. Onyesha kazi iliyokamilika, sajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kama unataka uwe na karatasi ya kushika siku ya ugomvi, na ile ambayo bado ipo nusu iache isiingie kwenye slaidi.

Kuna mwenzangu ananiambia bora zile za asubuhi kama CreativeMornings, ile aliyoianzisha Tina Roth Eisenberg New York mwaka 2008, unaenda Ijumaa asubuhi mara moja kwa mwezi, kahawa na mzungumzaji mmoja, bure, na mada inakuwa moja kwa miji yote. Nzuri, siipingi. Lakini Ijumaa asubuhi kwa foleni ya Dar na bosi wa Dar? Labda uwe umejiajiri na unaishi Masaki.

Kuhusu mahali, kama hujawahi kwenda popote anza Nafasi Art Space, Mikocheni B kule kwenye viwanda vidogo, ipo toka 2008, studio zake ni makontena na hata siku isiyo na shughuli unawakuta wasanii wanafanya kazi unaongea nao bila itifaki. Alliance Française pale Ali Hassan Mwinyi ni pazuri kwa jukwaa na muziki. Soma Book Café, Regent Estate, ni kwa watu wa vitabu na mashairi, kimya kidogo, ukiwa mwoga wa watu wengi nenda huko kwanza. Wa programu na vifaa, Buni Hub pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Angalia kurasa zao kabla hujatoka, ratiba zinabadilika.

Pesa sasa. Hii niliyoenda kiingilio kilikuwa buku tano, soda bei ya mjini, bitingi hazikutosha ila nani alienda kula. Tatizo kubwa kwangu ni muda. Tokyo na kwingine wanapenda kuanza saa mbili na dakika ishirini usiku, zile 20 zao, na kuna waandaaji wa hapa wanaiga hivyo hivyo. Mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto akianza saa mbili na nusu, mapumziko ambayo ndo utamu wote yanamkuta saa nne kasoro, roho ipo kwenye daladala ya mwisho, anaondoka kabla hajauliza swali lake, na bodaboda ya kurudi inazidi kiingilio mara mbili. Wakianza saa kumi na mbili jioni kamili, watu wanane wakipanda haifiki hata saa moja ya kuongea, saa mbili mnakuwa kwenye soda na kila mtu anarudi kwao kwa nauli ya kawaida. Ukitaka kupanda wewe mwenyewe, slaidi zinatumwa kabla, sio kuja na flashi mlangoni, na jipime nyumbani na simu huku slaidi zinajigeuza, maana sekunde 20 ni sentensi tatu, au nne kama una pumzi.