Tendaguru kwa miguu: uzoefu wangu na safari ya kumtafuta "mjusi mkubwa" wa Lindi

Niseme mapema ili mtu asije kunilaumu: ukienda Tendaguru ukitarajia kukuta dinosaria amesimama anakusubiri, utarudi Lindi umenuna. Mjusi mwenyewe yuko Berlin, kwenye Makumbusho ya Historia Asilia. Amesimama pale tangu 1937, urefu wake mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani. Huku alikotoka kuna kilima, pori la miombo, mashimo ya zamani yaliyokwishajifukia, na vipande vya mifupa kwa anayejua pa kutazama. Nilikwenda nikiyajua hayo yote, na bado nasema safari ile inalipa, mradi umpate mwongozaji wa huko huko.

Huduma niliyolipia ilikuwa na sehemu mbili, na hazikulingana hata kidogo.

Sehemu ya kwanza ni watu wa mjini waliokodisha gari na kuahidi "kifurushi kamili". Siwataji. Gari lilichelewa kufika, dereva alianza kuuliza njia tulipoacha lami tu, na chakula cha mchana kilichopigiwa debe kwenye WhatsApp kikawa biskuti na soda ya moto. Kibaya zaidi, waliniambia nitaona "mifupa mikubwa ikiwa bado ardhini". Huo ni uongo wa kibiashara, basi. Nyota mbili, na ya pili ni ya dereva, ambaye hakujua njia lakini hakukasirika hata tulipokwama kwenye mchanga.

Sehemu ya pili ni mzee tuliyepewa kijijini baada ya kupita ofisi ya kijiji na kusaini kitabu cha wageni. Huyo ndiye safari. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama viatu vyangu, kisha akasema, "Mwanangu, hivyo vitakufaa. Hiyo kaptula ndiyo itakutesa." Nilikuwa na suruali ndefu kwenye begi, nikabadili, na kabla hatujafika mbali nikaelewa kwa nini: upupu umening'inia kila upande wa njia, na nyasi zinafika kifuani. Alitangulia na panga, akikata pale tu palipohitaji kukatwa.

Kilima chenyewe si kirefu. Mpanda mlima atakidharau. Kinachochosha ni jua, mchanga, na kutembea muda mrefu bila kuona chochote ambacho jicho la mgeni linaweza kukitambua. Hapo ndipo mzee alipoanza kuila pesa yake kihalali. Kwenye korongo dogo lililokatwa na mvua alichuchumaa, akaelekeza kijiti kwenye kitu cha kijivu chenye ukubwa wa kiganja. Mimi niliona jiwe. Akaniambia nikitazame kwa ubavu, pale kilipovunjika. Ndani kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vimesongamana kama vya mkate wa kumimina. "Sasa gusisha ulimi." Nikagusisha, kikanata. Akaokota kokoto la jirani nikajaribu nalo, halikunata. Kisha akakirudisha kipande pale pale, upande ule ule uliokuwa juu, na kufuta vumbi mikononi. Kuokota visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) na kuondoka navyo ni kuvunja sheria, na yeye hakuhitaji kunihubiria hilo.

Mbele kidogo akanionyesha kombe la baharini limegeuka jiwe, mistari yake bado imejipanga vizuri. Kombe, porini, mbali na pwani! Maelezo ni kwamba miaka milioni 150 hivi iliyopita hapa palikuwa ukingo wa bahari, na maji yalipanda na kushuka kwa zama ndefu. Ndiyo maana matabaka ya Tendaguru yamepishana: moja lina mifupa ya dinosaria, linalofuata lina makombe, kisha mifupa tena. Nimewahi kusoma habari hizi, lakini kuziona zimepangwa kwenye ukuta wa korongo ni jambo jingine.

Kilichonishika zaidi ni habari za watu. Vitabu vingi huanza na Bernhard Sattler, mhandisi Mjerumani, mwaka 1906. Mzee anaanza na wazee wake, ambao anasema walikuwa wakiijua mifupa hiyo siku zote. Msafara mkubwa wa Wajerumani ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hesabu miaka: vita vya Majimaji vilimalizika 1907. Watu waliokuja kushika majembe walikuwa wametoka kwenye vita na njaa. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa kwa plasta na mianzi, zikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Tulipokaa kivulini kula ming'oko aliyoibeba (asante Mungu, maana biskuti zilikuwa zimeisha), mzee aliniuliza: "Kwenye picha za huko Ulaya, wapagazi wamewekwa?" Nilimjibu kwamba siku hizi wanatajwa kidogo.

Na ni kweli, wanatajwa. Msimamizi mkuu wa kazi, Boheti bin Amrani, amepewa dinosaria anayeitwa *Australodocus bohetii*, jina lililotolewa 2007. Mwaka 2019 akaja *Wamweracaudia keranjei*, linalowaheshimu Wamwera, kabila la huku, na Mohammadi Keranje, aliyeshiriki uchimbaji wa mkia wa mnyama huyo. Nilimsomea mzee majina hayo kwenye simu. La kwanza alicheka namna nilivyolitamka. La pili aliniomba nilirudie.

Suala la kumrudisha mjusi sitalimaliza hapa, limefika hadi bungeni na halijatulia. Langu ni dogo zaidi: hata mifupa ikibaki Berlin, kibao kimoja kinachosomeka na kibanda chenye picha na ramani pale kijijini vingeipa safari hii uzito. Kwa sasa, bila mwongozaji unatembea porini tu.

Wale mnaoulizia nyayo: sikuonyeshwa nyayo zozote za dinosaria. Nyayo maarufu za Tanzania ni za Laetoli, kaskazini, na hizo ni za binadamu wa kale, umri wake miaka milioni 3.6 hivi. Msichanganye safari.

Mkienda, nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika gari halifiki. Bebeni maji kuliko mnavyodhani mtahitaji, suruali ndefu, soksi za kufunika, na pesa taslimu, kwa sababu mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Watoto wadogo waacheni nyumbani, watachoka na kuchoka kwao kutakuwa kwenu. Lipeni mwongozaji mkononi, siyo kupitia mtu wa mjini. Mzee aliniambia kiasi kilichokuwa kimemfikia kutoka kwenye kifurushi changu, na niliposikia nikatoa pochi tena.