Safari ya siku moja Kipushi: kiongozi anaujua mgodi, mji bado

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, katika ule ubaridi wa asubuhi ambao watu wa Lubumbashi huusahau kila mwaka na kushangazwa nao kila mwaka, tulikutana watu tisa karibu na Posta, kila mmoja akiwa amekwisha kulipa dola 30, kwa ajili ya safari ya siku moja kwenda Kipushi kujifunza historia ya mji huo. Waandaaji ni vijana wachache wa hapa Lubumbashi. Sitawataja jina, kwa kuwa huduma yao bado ni changa na nina lawama ambazo ningependa wazirekebishe kabla hazijashikamana na jina lao. Katika bei hiyo mlikuwa na gari la kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na kiongozi wa kueleza. Gari lilichelewa dakika hamsini, lakini lilikuwa safi, dereva hakuongeza abiria njiani, na kwa anayejua taxi-bus zetu hilo si jambo dogo.

Kipushi iko umbali wa kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, ukingoni kabisa mwa nchi, kiasi kwamba mpaka wa Zambia unapita jirani na mgodi wenyewe. Wengi wetu tunaijua kama njia ya kupitia kwenda Solwezi, au kama jina linalotajwa redioni pale inapozungumzwa bei ya zinki. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa na kukulia Kamalondo hapa Lubumbashi, nilikuwa nimefika huko mara mbili tu, na mara zote mbili kwa msiba. Ndiyo maana nililipa bila kusitasita: mji mdogo ulio karibu hivi, wenye umri wa takriban miaka mia moja, usiojulikana na majirani zake, unastahili mtu wa kuusimulia.

Kuhusu mgodi, kiongozi wetu ni hodari kweli, na haki yake nampa. Tulisimama mahali panaporuhusiwa, kando ya barabara, mbali kidogo na lango, naye akatuonya mapema kwamba picha za mgodi na za mpaka hazipigwi, na kwamba kila mtu awe na kadi yake ya mpiga kura mfukoni. Kisha akaanza, bila karatasi mkononi. Wenyeji walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba katika nchi hii karne nyingi kabla ya watafiti wa kampuni ya Kiingereza ya Tanganyika Concessions kufika Katanga mwaka 1899, na wageni hao kwa kawaida walifikishwa kwenye mashimo ya zamani na watu waliokuwa wakiyajua tayari. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianza kazi hapa mwaka 1924, ikaupa mgodi jina la Prince Léopold, na baada ya muda mfupi wa kuchimba juu ya ardhi ikaingia chini. Kuanzia hapo hadi kufungwa kwake mwaka 1993 mgodi ulitoa takriban tani milioni 60 za mawe yenye zinki na shaba nyingi kuliko ilivyo kawaida duniani. Pamoja nazo kulikuwa na germani, madini adimu ambayo leo yanatumika katika nyaya za intaneti na katika kamera zinazoona gizani. Hata kuna jiwe, renieriti, ambalo wanasayansi walilitambua kwa mara ya kwanza kutoka katika mgodi huu, wakalieleza mwaka 1948 na kulipa jina la mtaalamu wa Ubelgiji. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini halikupewa jina la Kipushi. Kiongozi alicheka, tukacheka, na swali likabaki palepale.

Alieleza vizuri pia habari ya maji, ambayo kwangu ilikuwa mpya. Mgodi wa chini ya ardhi usipochimbwa hauwezi kuachwa tu kama shamba lililolala, kwa sababu maji yanaingia usiku na mchana, na pampu zikinyamaza shimo linajaa. Kwa hiyo baada ya 1993, ingawa hakuna tani iliyotoka, kulikuwa na watu waliobaki kulinda pampu mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 2011 pampu zilipoharibika na maji yakafunika sehemu za chini. Mwaka huohuo kampuni ya Ivanhoe iliingia ubia na Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, maji yakaanza kutolewa, shimo namba 5, lenye kina cha zaidi ya mita 1,200, likatengenezwa upya, na zinki ya kwanza ya awamu hii ikatoka katikati ya mwaka 2024. Miaka thelathini na mmoja ya kimya, katika mji ambao ulijengwa kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Hapo ndipo nilipotegemea safari ianze, na hapo ndipo karibu iishe. Gari liliingia katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, yaani ile mitaa ya nyumba ndogo zinazofanana, zilizopangwa kwa mistari kama wanajeshi kwenye gwaride. Kiongozi akasema, bila gari kusimama: "Hizi ni nyumba za wafanyakazi wa zamani." Sentensi moja! Alikuwa ametumia saa nzima kwa ajili ya madini, na sasa watu walioyatoa walipita dirishani kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo, abiria mwenzetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenyamaza. Alizaliwa katika kambi hiyo, akaondoka mwaka 1993 na wazazi wake, na hakuwahi kurudi. Alimgonga dereva begani na kusema kwa upole, "Mwanangu, simamisha hapa." Akashuka, akatembea nyumba nne au tano huku akihesabu kwa kidole, akabisha hodi kwenye nyumba ambayo sasa ina ukuta wa matofali ya kuchoma mbele yake. Hakuwajua waliokuwamo. Lakini jirani wa mkono wa kulia, mzee mwenye kofia ya sufu aliyekuwa akiota jua, alimwita kwa jina la baba yake, na baada ya hapo ratiba ya safari haikuwa na maana tena. Tuliletewa viti vya plastiki, ndoo mbili zilizogeuzwa juu chini, na munkoyo katika kikombe kimoja kilichozunguka.

Mzee huyo aliajiriwa mwaka 1968, wakati serikali ya Mobutu ilikuwa imekwisha kuichukua Union Minière, akafanya kazi chini ya ardhi hadi mgodi ulipofungwa, kisha akawa mmoja wa wale walinzi wa pampu. Baba yake aliletwa kutoka upande wa Luapula kabla ya vita vya pili vya dunia. Jirani zao wa kwanza, alisema, walikuwa Waluba wa Kasai upande mmoja na watu kutoka Rwanda upande mwingine, maana kampuni iliwatafuta wafanyakazi kila mahali, na watoto wote walikutana katika Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya mzazi yeyote kati yao. Alikumbuka akiwa mtoto akimsindikiza mama yake na beseni kwenda kupokea mposho: unga, maharage, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese, kila kitu kwa kipimo kulingana na idadi ya watoto walioandikwa kwenye kadi. Alikumbuka sirena iliyowaamsha hata wasiokuwa na kazi. Alikumbuka fwaye, ambako akina mama walifundishwa na masista kushona na kupiga pasi, na ambako, kwa maneno yake, mke wa mfanyakazi alipewa alama kama mwanafunzi kwa usafi wa nyumba yake. "Kampuni njo ilikuwaka baba, njo ilikuwaka mama," alisema, maneno ambayo kila familia ya kambi za Katanga imeyasikia, kisha akaongeza kwa sauti ileile, bila kutuangalia: "Siku ile ilikufa, tulibakia bayatima, na bayatima benye mvi."

Katika saa hiyo nzima kiongozi wetu alikuwa akifanya jambo lililonikera kuliko kuchelewa kwa gari: alikuwa akitafsiri. Mzee aliongea Kiswahili cha kambini, wazi kama maji, mbele ya watu tisa ambao wote ni Waswahili wa Lubumbashi, naye kiongozi akayageuza kwa Kifaransa, sentensi baada ya sentensi, akifupisha. Mposho ukawa "mgao wa chakula". Neno likatoka na uzito wake, likafika bila kitu. Nadhani alifanya hivyo kwa heshima, akiamini kwamba historia ni jambo la darasani na darasa lina lugha yake. Lakini huu ni mji ambao historia yake imewekwa kwa Kiswahili tangu zamani. Maandishi ya André Yav juu ya Élisabethville, yaliyokusanywa kutoka kwa watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu mwaka 1965, yaliandikwa kwa Kiswahili chetu hiki. Walimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi walioanzisha kazi ya kukusanya kumbukumbu za wakazi mwaka 2000 waliwafuata wazee nyumbani kwao, wakawasikiliza katika lugha wanayoota nayo. Kiongozi anayetoka katika mji huohuo hana haja ya kwenda kutafuta mfano mbali.

Lawama yangu ya pili ni ya kunyamaza. Mama yule alipoulizwa na mwanafunzi kwa nini familia yao iliondoka mwaka 1993, alijibu kwa maneno mawili, "Tulikuwa Wakasai," na kiongozi akaharakisha kutangaza kwamba chakula kinapoa. Naelewa hofu yake. Hata hivyo, katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya migodi ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, wakarundikana kwenye vituo vya reli na mizigo yao wakingojea treni, na wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi hiyo hiyo ya mgodi. Kueleza kufungwa kwa Kipushi mwaka 1993 kwa bei ya madini, mashine zilizochakaa na fedha za Gécamines peke yake ni kueleza nusu. Mzee, kwa upande wake, hakuogopa: aliinuka, akamletea mama yule kiti chake mwenyewe chenye mgongo, akakaa kwenye ndoo.

Kuhusu miaka iliyofuata, ambayo ratiba haikuitaja kabisa, tulisikia pia kwa mzee. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi, kisha ikawa hadithi. Mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipokea fedha za mara moja na kuachana na kampuni. Mzee alikuwa mmoja wao, na fedha zake zilikwisha kwa paa, jeneza moja, na karo. Tangu hapo nyumba imesimama kwa mkewe, aliyekuwa akiuza makala, yaani mkaa, na mboga, na kwa likelemba, mchango wa fedha unaopokewa kwa zamu, ya wanawake saba wa mtaa huo, ambayo bado inaendelea kila mwisho wa mwezi. Mkewe alisimama mlangoni wakati wote huo akisikiliza, na hakuna aliyemwuliza kitu hadi tulipoaga, nikiwemo mimi.

Chakula kilikuwa kizuri na cha kutosha: bukari ya unga mweupe, lengalenga, kapenta za kukaanga na kuku wa kienyeji, katika uwanja wa nyumba ya mtu, si mgahawani. Kilikuwa kimepoa, kwa makosa yetu. Baadaye tulipelekwa kuona reli ya tawi inayotoka Kipushi kwenda Munama, karibu na Lubumbashi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisafirisha mazao ya mgodi, na tukapita karibu na mpaka, ambako hapakuwa na la kuona zaidi ya malori. Sehemu hiyo ya mwisho ingeweza kuondolewa, muda wake ukapewa kambi.

Je, dola 30 zinastahili? Kwa gari, chakula na maelezo ya mgodi, ndiyo, na sijui mtu mwingine hapa Lubumbashi anayeweza kueleza habari ya pampu kwa ufasaha ule. Kwa mwanafunzi wa jiolojia, ningesema aende kesho. Kwa yule anayetaka kujua watu wa Kipushi waliishi vipi, safari kama ilivyopangwa haitoshi, na saa bora ya siku yetu haikuwa katika bei wala katika ratiba. Niliwaandikia waandaaji jioni ileile, nikapendekeza mambo matatu: waanzie kambini, wazungumze Kiswahili, na wamlipe mzee na mkewe kama wanavyomlipa dereva. Walijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, wakakubali la kwanza na la tatu, na kuhusu la pili wakasema watalifikiria. Nimelipia nafasi mbili za mwezi wa Septemba. Ya pili ni ya baba yangu mdogo, mstaafu wa Gécamines, ambaye Kifaransa chake ni cha kusalimia tu.