Tiyo ya 36 mm, rakori na sikloni: minawapatia vile minaona kisha kutumikisha mu atelie

Hapa minaongea bintu ya kuvuta vumbi mu atelie ya mbao: tiyo (bomba ya kuvutia), rakori (kipande cha kuunganisha tiyo na mashini) na sikloni (ya kuangusha vumbi mu ndoo). Mbele ya yote, hii haiko piblisite, hakuna mutu alinipatia kitu bure, makuta ilitoka mu mufuko yangu. Miye niko menizie huku Lubumbashi, Katuba, minafanya sana sana plakari (kabati) za jikoni na melamini na MDF, mbao za fabriki zenye gundi, na milango ya mukwa, mbao ngumu, kama komande inakuja. Mashini zenye zinatoa vumbi ni ponseze ya kuzunguka ya 125 mm (ya kupiga msasa), sirkileri ya mukono (ya kukata), defonseze (ya kuchonga mifereji), na raboteze moja muzito (ya kuranda) yenye inakaa ku kona. Aspiratere (mashini ya kuvuta vumbi) ni ile ya kawaida ya atelie, ya kuvuta kavu na maji, ilikuja na katiyo kake ka plastiki kagumu kenye hakakubali kukunjika na hakaingie ku mashini hata moja.

Kwa hiyo nilinunua: tiyo ya 36 mm ya antistatiki (yenye haikusanye umeme), metre 5, yenye ilipita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, ikitoka Afrika Kusini, haina jina kubwa, kipande ya 27 mm ya metre moja na kitu, rakori za mupira za vipimo mbalimbali, na sikloni ndogo ya plastiki ya kufungia juu ya ndoo. Ukiniuliza ni kitu gani ningenunua kwanza kama makuta haitoshe, ningesema rakori. Siyo tiyo, siyo sikloni. Batu mingi banaacha rakori mwisho juu ni kitu kidogo cha bei ndogo, kisha banafunga na skochi, na ile skochi inaachia katikati ya kazi wakati plakari iko karibu kwisha.

Shida yenyewe iko hivi, kila fabriki iko na kipimo yake. Festool banapima tiyo kwa ndani, ziko za 27, 36 na 50. Bosch na Kärcher banatumikisha sana 35. Makita iko na za 28 na 38. Za Marekani ziko kwa inchi, 1¼ na 2½. Mashini kubwa za kukaa chini, raboteze na sirkileri ya meza, nyingi zinatoka na mudomo wa 100 mm. Sasa unaenda ku soko ya Kenya ya hapa Lubumbashi ao mu maduka ya katikati ya muji, unaomba tiyo ya 35, mwenye kuuza anakupatia ya 35, unafika ku atelie haiingie. Na hakukudanganya bana! Yake ni 35 kwa ndani ya tiyo, yako ni 35 kwa nje ya mudomo wa mashini, weka unene wa plastiki, weka na ule mudomo wenye unapanuka kidogo ili ushike, milimita 3 ao 4 imeshapotea hapo.

Dawa yake ni pie a kulisi, kile kipimo cha kubana kitu na kusoma milimita. Hata ile ya plastiki ya bei ya chini inatosha. Pima kila mudomo wa mashini mara mbili, kwa nje na kwa ndani, juu kuko rakori zenye zinavaa juu na kuko zenye zinaingia ndani, na pima ku mwanzo na ku mwisho ya ule mudomo sababu mingi haiko sawa, inapungua kidogo kidogo. Miye niliandika zote na kalamu ku ukuta pembeni ya prize ya umeme, na siku ya kwenda kununua minapiga foto ya ukuta. Mwenye kuuza akianza kusema "hii inaingia ku mashini yote" minatoa pie a kulisi na mazungumzo inaisha.

Sasa 27 ao 36? Fanya hesabu kidogo: nafasi ya hewa inaenda na kipimo mara kipimo, 36 mara 36 ni 1296, 27 mara 27 ni 729, maana ile ya 36 iko na nafasi karibu mara 1,8 ya ile ingine. Kwa macho unaona ni tofauti ya kidole kidogo tu, lakini ku sirkileri na defonseze unaisikia palepale, 27 inaziba na vipande virefu vya mbao, 36 inapitisha. Ku ponseze ni mambo ingine. Ponseze inatoa vumbi laini haina vipande, haiombe nafasi kubwa, inaomba tiyo nyepesi yenye haivute mukono wako, na hapo 27 njo tamu. Vile minafanya: 36 inatoka ku aspiratere mupaka karibu na meza, kisha ile kipande ya 27 ku mwisho kwa ponseze tu. Kweli ile ya 27 inabana hewa, lakini inabana kwa metre moja, haibane kwa metre 6. Kama ni sirkileri, minatoa 27 na kufunga 36 moja kwa moja.

Kitu ingine chenye benye kuuza banakudanganyia nacho ni wati. "Hii ni ya wati 1600!" Wati ni umeme yenye motere inakula, haikwambie hewa ngapi inafika ku mwisho ya tiyo. Tiyo ya mikunjo kwa ndani inachelewesha hewa, tiyo ndefu inachelewesha, kona kali inachelewesha, na rakori yenye inavuja inakula yote. Ingiza kidole mu tiyo mbele ya kununua: kama ndani ni laini na mikunjo iko kwa nje, ni mzuri. Kisha ikunje kwa nguvu, ile yenye inavunjika na kubaki bapa uachane nayo. Yangu inarudi, hata mara moja mutoto wa atelie alipitisha shario (kigari cha kusukuma) juu yake ikarudia umbo, hapo niliipatia heshima.

Tuongee antistatiki maana hapa njo batu banabishana sana. Huku kwetu kati ya mwezi wa tano na wa tisa mvua hakuna, hewa inakauka mupaka midomo inapasuka, na ukipiga msasa MDF na tiyo ya plastiki ya kawaida, vumbi inapita mbio ndani inasuguana na plastiki, umeme inajikusanya ku tiyo, kisha inakupiga ku kiko ya mukono. Haiue mutu. Lakini inachosha roho, unaanza kuogopa mashini yako mwenyewe, na vumbi inashikamana ku tiyo kwa nje. Ule muvua ikianza, mwezi wa kumi na moja, inapungua, batu banasahau, kiangazi inarudia banaanza kulia tena.

Tiyo ya antistatiki iko na kaboni mu plastiki yake, inapitisha ile umeme kidogo kidogo mupaka ku aspiratere, na aspiratere inaipeleka ku tere, ile waya yenye inashuka mu udongo. Umesikia? Ku tere. Kama fisha ya aspiratere iko na miguu mbili tu bila fasi ya tere, ao prize ya nyumba haina tere, na nyumba mingi za huku hazina, basi ulilipa bei ya antistatiki ili upate rangi nyeusi. Na nyeusi yenyewe haiko alama, kuko tiyo nyeusi za plastiki ya kawaida mingi sana. Chukua miltimetre, weka ku ohm, gusa mwisho mbili za tiyo: ya antistatiki mara nyingi inaonyesha namba, hata ikiwa kubwa, ile ya kawaida haionyeshe kitu. Na rakori pia, juu ukifunga rakori ya plastiki yenye haipitishe ku katikati umekata barabara. Miye nililipa fundi wa umeme akanipigia pike ya tere (chuma cha kuingia mu udongo) pembeni ya atelie, kwanza kwa ajili ya usalama ya mashini zote, na kisha ya hapo ponseze haikunipiga tena. Kama hauna tere na hauko na mpango wa kuiweka, nunua tiyo ya kawaida yenye kuwa laini ndani, bakisha makuta, nunua rakori.

Turudie kwa rakori basi. Za mupira njo minapendelea, zinajikaza ku mudomo, ponseze inatetemeka siku nzima na hazitoke. Za plastiki ngumu zenye kuwa na ngazi ngazi, kila ngazi kipimo chake, unakata na musumeno pale inakutosha, ni mzuri kwa sirkileri lakini ku ponseze zinaruka. Na ile ya tiyo yenyewe, ile yenye inafungwa kwa kuzungusha juu ya spirali, mara nyingi inafungwa kinyume, upande wa kushoto, usilazimishe upande wa kulia utaiharibu.

Kama haupate kipimo chako, tengeneza. Kipande cha tiyo ya PVC ya maji, PVC inaanza kulainika karibu na 80 °C, kwa hiyo maji ya kuchemuka inatosha kabisa. Unachonga kijiti cha mbao cha kipimo chenye unataka, unachovya mwisho ya PVC mu maji, inalainika, unaisukuma juu ya kijiti, unamwanga maji ya baridi, imekamata. Usisukume moja kwa moja juu ya mudomo wa mashini, na yeye ni plastiki, atapinda. Na tafazali usitumikishe moto wa makala ao shalimo (moto wa gazi), PVC ikiungua inatoa moshi ya asidi mubaya sana kwa mapafu, na sisi hapa tunatafuta kulinda mapafu.

Ile ya wazee, mupira wa ndani wa kinga (baiskeli) na kolie mbili za kukaza, inafanya kazi vizuri pia na ni karibu bure. Ila hakikisha tiyo mbili zinagusana kichwa kwa kichwa ndani ya ule mupira, ukiacha nafasi katikati, aspiratere inaunyonya unakuwa bapa na hewa inakwisha.

Sikloni minaipatia alama mzuri lakini siyo yote. Kazi yake ni kuzungusha hewa ili vipande na vumbi muzito vianguke mu ndoo mbele ya kufika ku filtre. Inakula nguvu kidogo ya kuvuta, unaisikia. Lakini filtre inabaki safi, na ukifanya MDF utajua faida yake, ile vumbi ya MDF inaziba filtre haraka sana na mifuko ya karatasi ya aspiratere huku ni shida kupata. Angalisho moja: ndoo ya rangi ya plastiki nyepesi, tiyo ikiziba tu, inajikunja ndani kwa kelele kubwa, batoto ya atelie walikimbia. Tafuta ndoo ngumu, ao weka ndoo mbili moja ndani ya ingine, na kifuniko kisivuje.

Na wenye kusema vumbi ya mbao haina neno: shirika ya IARC, ya WHO yenye inachunguza kansa, iliiweka mu kundi ya kwanza ya bintu yenye kuleta kansa, tangu 1995, sana sana kansa ya ndani ya pua. Huko Ulaya kiwango ya juu ya vumbi ya mbao ngumu kwa mutu wa kazi ni miligramu 2 kwa metre kibu ya hewa tangu 2023. Mukwa yenyewe hauombe karatasi ya shirika ili uamini, ukipiga msasa bila kitu pua inawasha na kifua inabana. Minavaa maski ya FFP2 hata na aspiratere ikiwa inazunguka, juu ile laini sana yenye haionekane inapita ku filtre ya kawaida. Kama uko na uwezo wa aspiratere ya klasi M, hiyo njo ya vumbi ya mbao, ya klasi L inaachilia zaidi.

Halafu msasa. Matundu ya karatasi yalingane na matundu ya sahani ya ponseze, ukiweka kombo, tiyo ya bei gani pia haitakusaidia. Ile msasa ya wavu wavu, kama Abranet ya Mirka, inaondoa hiyo shida maana hewa inapita fasi yote, bei iko juu lakini inakaa.

Umeme sasa. Aspiratere yangu iko na prize mbele, unafunga mashini pale, ukiwasha mashini aspiratere inaamuka yenyewe. Tamu sana. Lakini siku ya delestaji, umeme ikikatwa, ukiwa ku grupu ndogo (jenereta), aspiratere na sirkileri zikiamuka pamoja grupu inazima. Hapo toa ile otomatiki, washa aspiratere kwanza, iache ishike mwendo, kisha sirkileri. Na soma wati yenye iliandikwa pembeni ya ile prize, isipite.

Raboteze sikuiunga ku hii aspiratere na sitaiunga. Inatoa maranda mingi, mu dakika chache ndoo imejaa, na kubana mudomo wa 100 mupaka 36 ni kuiziba tu. Ile inaomba mashini ingine kabisa, yenye kuvuta hewa mingi kwa nguvu ndogo, na tiyo ya 100. Kwa sasa iko na mufuko mukubwa wa nguo ku mudomo na tunaitoa ku kona kurandia nje, chini ya lata (mabati). Mama mumoja mwenye kufuga kuku anakuja kuchukua maranda ya kutandika mu nyumba ya kuku, minamupatia ya mbao safi tu, ya MDF na melamini minamukatalia, ile iko na gundi.