Mafunzo ya kugawana kazi kwa vikundi vya mwani, Paje, Zanzibar: lipieni, ila ongezeni yasiyomo kwenye fomu

Ni mafunzo ya siku moja kwa vikundi vyenye miradi miwili, mwani na sabuni ya mwani. Asubuhi inapotea. Mkufunzi anaanzia kwa mchumi David Ricardo, 1817, na mfano wake wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Hesabu ni sahihi, lakini kuwasomesha kina mama wa Paje faida ya mvinyo ni kujitafutia miguno.

Baada ya adhuhuri mwani unaingia ubaoni na somo linakaa sawa. Bi Mize kwa siku hufunga mbegu za mwani kwenye kamba 30, au hutoa vipande 60 vya sabuni. Bi Kazija, kamba 20 au vipande 20. Mize anamshinda kotekote, na hapo ndipo vikundi hukosea: ama Mize anatwishwa yote, ama kila mmoja anagawa siku nusu kwa nusu, zikapatikana kamba 25 na sabuni 40. Swali la kuuliza ni kamba moja inakula sabuni ngapi, yaani ukifunga kamba moja unakosa vipande vingapi. Kwa Mize inakula 2, kwa Kazija 1. Basi Kazija akae siku nzima kwenye kamba. Mize afunge 5, ambazo ni sehemu ya sita ya siku yake, kisha ahamie sabuni. Kamba ni zile zile 25, sabuni sasa 50. Hiyo ndiyo faida linganishi, na hapa imefundishwa vizuri mno.

Fomu ya kupimia kasi ndiyo dhaifu. Inataka siku moja tu; pimeni tatu, tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mbegu, zikiwa zimeshakatwa, na vipande vilivyopasuka visihesabiwe. Bahari nayo imesahauliwa. Kufunga hufanyika hata kivulini, lakini kupanda na kuvuna hungoja bamvu, siku ambazo maji hutoka mbali, na maji yakitoka wote huteremka pwani, Mize naye. Pangeni sabuni siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali.

Malipo hayakuguswa kabisa, jambo la ajabu. Mkilipana kila mtu kwa alichokitengeneza, Kazija atazikimbia kamba kabla ya mavuno ya pili. Uzeni kwa mfuko mmoja, mgawane kwa siku za kazi. Na Kazija afundishwe kupima kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, kwa mizani, maana Mize akiugua, sabuni imesimama.

Kikundi ambacho uwiano wa wote ni mmoja, tuseme huyu kamba 30 au sabuni 60, yule 15 au 30, kisilipie mafunzo haya: hesabu hii haitawapa hata kipande kimoja cha ziada.