TAHADHARI: Desktopu za kuunga zinazouzwa Tanga kwa bei ya kutupa. Windows ikigoma kuingia, usikimbilie kulaumu flashi yako

Wakuu, hii ni kwa yeyote anayetaka kununua desktopu ya kuunga (kompyuta ya mezani iliyounganishwa vipande na fundi) hapa Tanga mjini, na hasa ndugu zetu wa Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto wanaoagiza kwa simu na kupokea mzigo stendi ya Kange. Kuna muuzaji anatangaza kwenye kurasa zaidi ya moja, picha zilezile, namba tofauti. Majina ya kurasa hatuyaweki, maana anayabadilisha kila akistukiwa. Ufundi wake habadilishi, na ndio tunaouanika.

Tangazo linasomeka hivi: Core i7, RAM 16, SSD 1TB, GTX 1050 Ti ya GB 4, Windows 11 original, waranti miezi sita, laki tano na nusu. Ukiwasha inawaka, feni zinameta rangi zote, Windows 11 ipo na inafungua haraka. Hakuna anayelalamika wiki ya kwanza. Kasheshe linaanza siku unapotaka kupiga (kusakinisha) Windows upya kwa sababu yoyote ile. Inanakili faili, inafika katikati, inakutupia 0x80070570 au 0x8007025D. Ukimpigia jibu analo tayari: "Bosi, flashi yako mbovu, lete mashine nikupigie, elfu thelathini tu." Ukipeleka anairudisha ikiwa inawaka. Ukimbana zaidi anakwambia umefomati mwenyewe, waranti imekufa.

Msilipe hiyo elfu thelathini. Mara nyingi kinachogoma ni SSD (diski ya kuhifadhia data) aliyokuuzia.

SSD feki inafanyaje kazi? Ndani kuna memori ndogo, tuseme GB 120, lakini kontrola (chipu inayoisimamia) imepangwa iseme ni 1TB. Windows, BIOS (programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa) na programu nyingine zote zinaamini kinachosemwa na kontrola. Data zikivuka ule ukubwa wa kweli, ama zinapotea kimyakimya, ama zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Windows yenyewe ikishaingia haijazi GB 120, kwa hiyo mashine inaonekana nzima hadi utakapoanza kujaza picha na video.

Sasa kwa nini igome kwenye kupiga Windows wakati bado ni tupu? Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Diski ikiwa GPT (mtindo mpya wa kugawa diski), jedwali la patisheni linaandikwa mara mbili: mwanzo wa diski na nakala mwisho kabisa. Windows za siku hizi pia huweka patisheni ya uokozi mwishoni, baada ya C. Yaani siku ya kwanza tu programu ya Windows inakwenda kuandika mahali ambapo kwenye diski feki hapapo. Ikiandika huko, ama inapata kosa, ama inaharibu kilichopo mwanzoni. Yeye muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hapigi Windows kama wewe. Anamwaga nakala ya diski iliyokwisha tengenezwa, mtindo wa zamani wa MBR, C ndogo ya GB 60 hadi 100, kisha D kubwa tupu. Kila kitu kinakaa kwenye sehemu ya kweli. (Kugawa C na D si ushahidi peke yake, mafundi waaminifu nao hugawa. Ila ukiona MBR kwenye mashine inayouzwa kwa jina la Windows 11, fungua macho: Windows 11 kwa masharti ya Microsoft inataka UEFI (BIOS ya kisasa), na UEFI inataka GPT.)

Kujua kosa liko wapi, fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Kwanza iondolee lawama flashi yako. Iwe ya GB 8 au zaidi, itengeneze upya kwa Rufus au kwa chombo cha Microsoft chenyewe, halafu ijaribu kwenye mashine nyingine. Huko ikifungua na kunakili faili bila kugoma, flashi imepona. Pili RAM. Andaa flashi nyingine ya Memtest86, washa mashine nayo, iache ipime hadi imalize. Kosa hata moja jekundu ni RAM mbovu au haijakaa vizuri. Chomoa zote, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha moja tu, pima, kisha badilisha. RAM mbovu hutoa 0x80070570 ileile, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa SSD kabla hujamaliza hapa. Tatu, azima diski nyingine unayoiamini, hata hard disk ya zamani, chomoa SSD yake kabisa, piga Windows kwenye hiyo ya kuazima kwa flashi ileile. Ikiingia mpaka mwisho, umeshampata mchawi.

Kipimo cha kufunga kesi ni H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux. Zote mbili ni bure. Zinajaza nafasi yote kwa data zenye alama ya mahali zilipowekwa, kisha zinasoma zote upya. Chomeka tena ile SSD, chagua herufi ya D, chagua nafasi yote iliyo wazi, anza. Kama kuna sehemu haijagawanywa, itengenezee patisheni kwanza, la sivyo haitapimwa. Mwisho itakwambia ama hakuna kosa, ama GB kadhaa ni nzima na zilizobaki zimepotea. Piga picha skrini hiyo, ndiyo karatasi yako ya kesi.

Msikubali kipimo chake cha kunakili filamu moja na kuicheza. Filamu ya GB 2 inakaa kwenye sehemu ya kweli. Hata ukiandika kitu mwisho wa diski na kukisoma papo hapo bado unaweza kudanganywa, maana kontrola inayorudi mwanzo itakurudishia ulichoandika hivi punde. Lazima diski ijazwe yote ndipo isomwe.

Muda: SSD ya SATA iliyo halali ikiandika MB 400 kwa sekunde inajaza 1TB kwa dakika kama 42, na kusoma muda unaokaribiana. Ikishuka hadi MB 20 kwa sekunde, kuandika peke yake ni karibu saa 14. Lakini SSD halali za bei nafuu nazo hupunguza mwendo keshi yake ikijaa, kwa hiyo mwendo unakutia shaka tu. Hukumu ni data kurudi zimeharibika. Na kwa faida ya wanaopiga kelele bure: 1TB kuonekana 931, au 512 kuonekana 476, si wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Tuwe waadilifu pia. Yapo makosa ambayo muuzaji hana hatia:

Windows ikikataa kwa kusema diski ni MBR na mashine ni EFI, bonyeza Shift na F10 kwenye skrini ya kuchagua lugha, andika diskpart, kisha list disk, kisha select disk 0 (hakiki namba kwa kuangalia ukubwa, na chomoa diski nyingine zote), clean, convert gpt. Inafuta kila kitu, kwa hiyo okoa mafaili yako kwanza.

Diski isipoonekana kabisa kwenye mashine za Intel kuanzia kizazi cha 11, huenda VMD (mpangilio wa Intel wa kusimamia diski) imewashwa kwenye BIOS. Izime, au pakia draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi. SSD ya M.2 (ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani bodi kuu) nayo ina aina mbili, SATA na NVMe, na nafasi nyingine kwenye mazabodi hukubali moja tu. Tarehe ya BIOS ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, nunua betri ya CR2032, maana mipangilio inafutika na utahangaika kutafuta mchawi asiyekuwepo.

Tukirudi kwa huyu bwana, SSD si peke yake.

"Core i7" bila kutaja kizazi ni kauli tupu. Mashine nyingi za bei hiyo zina i7-2600, prosesa ya mwaka 2011, juu ya mazabodi ya zamani ya H61. Inafanya kazi za ofisi bila shida, lakini haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha 8 na kutaka TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kuivusha kwa Rufus inawezekana, wengi wanafanya, ila mteja aambiwe. Jina la prosesa kwenye ukurasa wa System linaweza kubadilishwa ndani ya rejistri na programu ndogo inayojiendesha kila mashine ikiwaka, kwa hiyo usilitegemee. Angalia BIOS yenyewe, au fungua programu ya CPU-Z. Na akikuuzia NVMe juu ya H61 kwa adapta, Windows inaweza kuiona hiyo diski lakini mazabodi haitaweza kuwakia hapo bila BIOS kuchezewa.

Grafiki kadi hapo ndipo pa kucheka kwa uchungu. GTS 450 ya mwaka 2010 inabadilishwa BIOS na kupewa jina la GTX 1050 Ti. Windows inaingia vizuri kwa draiva yake ya kawaida, kisha ukiweka draiva ya NVIDIA skrini inakuwa nyeusi au kadi inapewa kosa namba 43. Sababu ni kwamba draiva za familia ya GTS 450 ziliishia toleo 391.35 mwaka 2018. Angalia nyuma: ukiona tundu la VGA, la buluu lenye vishimo 15, shaka kubwa, kwa sababu familia ya GTX 10 haitoi VGA yenyewe. Kisha fungua programu ya GPU-Z, matoleo ya kuanzia 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina.

Pawa saplai, soma stika na piga hesabu. Tafuta mstari wa 12V, zidisha kwa ampea zake. Ikiandikwa 12V 18A, hiyo ni wati 216, hata kama pembeni wamechapa 600W kwa wino wa dhahabu. Mashine ikizima au kujiwasha upya kila draiva ya kadi inapoingia, anza hapo. Na kile kiswichi chekundu cha nyuma kisome 230, kikisoma 115 usichomeke.

"Windows original" unaipima kwa sekunde kumi. Fungua Command Prompt, andika slmgr /xpr. Ikitoa tarehe ya kuisha ndani ya siku 180, na slmgr /dli ikionyesha VOLUME_KMSCLIENT, basi ni ile ya kuamshwa kwa programu ya wizi, ambayo mara nyingi inakuja na kingavirusi kimezimwa. Usiingize neno la siri la benki kwenye mashine hiyo.

Namna ya kununua bila kuumia: usitume salio kabla hujapima. Huyu anasisitiza umalizie kabla basi lenye mzigo halijaondoka Dar, kwa hoja kwamba konda hapokei mzigo wenye deni. Mwenye mali safi atakubali ukae dukani saa mbili na H2testw yako. Mwambie akuandikie, kwenye ujumbe kama si kwenye risiti, modeli kamili ya prosesa, SSD, kadi na pawa saplai, pamoja na serial namba za vipande. Dai risiti ya EFD. Unapofungua boksi Kange, chukua video moja isiyokatika, kuanzia stika ya basi hadi BIOS.

Aliyekwisha lizwa: usifute maongezi, usimrudishie mashine bila maandishi. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kulipa siku hiyohiyo, pesa ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Namba iliyotumika kutapeli itume kwenda 15040 ya TCRA. Nenda polisi uandikishe RB ukiwa na picha ya H2testw, risiti ya muamala na tangazo lenyewe, maana kilichouzwa hakilingani na kilichoelezwa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi kwenye hilo. Bidhaa bandia zenyewe ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

SSD yenyewe, hata kama kipimo kimesema GB 110 ni nzima, usiigawe ukaendelea kuitumia kwa Windows. Memori za aina hiyo mara nyingi ni za daraja la chini, na zikianza kufa hazitoi taarifa. Ihifadhi hivyo hivyo na stika yake mpaka kesi iishe.