Vitabu vya mazimwi na hofu ya usiku: kabla hujalipa, soma mwisho wa sura

Malalamiko ninayopata kwa wasomaji siku hizi yanafanana mno. Mama mmoja wa Tabata, hapa Dar es Salaam, alimnunulia mwanawe wa darasa la pili hadithi ya zimwi, kwa sababu mtoto haendi chooni usiku bila kusindikizwa. Kitabu kilipoingia nyumbani, mtoto akahamia kitandani kwa wazazi. Baba mmoja wa Mbezi Beach anasema binti yake anakipenda kitabu chake mchana kutwa, ila jua likizama anakwenda kukificha chini ya kochi. Wote wawili walichagua kwa makini: umri ulioandikwa nyuma ya jalada ulikuwa sawa, maandishi makubwa, picha za kuvutia, na zimwi lenyewe linakuja kuwa rafiki. Isipokuwa urafiki huo ulifika sura ya mwisho, na mtoto alilala kwenye sura ya tatu.

Kwa hiyo sitazungumzia umri, idadi ya kurasa wala ukubwa wa herufi. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia. Nataka tutazame jambo moja ambalo sijaona mtu akiliuliza dukani: sura inaishia wapi?

Hadithi hizi za sura fupifupi hutungwa kwa ajili ya mtoto anayeanza kusoma peke yake, wa miaka sita hadi tisa hivi. Mwandishi anataka asikiweke kitabu chini, kwa hiyo anaikata sura mahali pa moto: mlango unalia, kivuli kinasogea, basi, fungua ukurasa. Mtoto anayesoma saa kumi jioni barazani atafungua na kucheka. Lakini huyu wa kwetu keshaingia ndani ya chandarua, mama kachoka na foleni ya Morogoro Road, taa inazimwa, "tutaendelea kesho." Zimwi limebaki mlangoni. Nje paka wanagombana juu ya bati, mlinzi anapuliza filimbi, umeme ukikatika hata feni inanyamaza. Mtoto huyo usimlaumu akija kukugongea saa nane za usiku.

Bibi zetu walilijua hili. Walianza na "Hadithi, hadithi!" tukaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na zimwi lilikuwa zimwi kweli, linameza kijiji kizima na ng'ombe wake. Lakini halikuachwa hai hadi kesho. Lilipasuliwa tumbo usiku huohuo, watu wakatoka wazima, ndipo tukaambiwa tukalale.

Basi ukiwa dukani, fungua kitabu usome aya ya mwisho ya sura tatu au nne za mwanzo. Jiulize: nikizima taa hapa, huyu mhusika yuko salama? Sura ikiishia kwenye swali la udadisi, kwamba kiumbe huyu anakula nini au ametoka wapi, hakuna neno, mtoto atalala akiliwaza. Swali likiwa ni kama ataliwa au hataliwa, kitabu hicho ni cha mchana. Nimevipanga vinne kwa kipimo hicho.

Namba moja, na sifichi mapenzi yangu, ni The Owl Who Was Afraid of the Dark cha Jill Tomlinson, kilichotoka Uingereza mwaka 1968. Hakina zimwi. Kina kinda la bundi, jina lake Plop, linaloogopa giza, na kwa ndege wa usiku hilo ni balaa. Mama yake anamtuma ashuke mtini akawaulize watu giza likoje. Kila sura anakutana na mwingine, na kila mmoja ana jibu lake: mvulana anayesubiri fataki anasema giza linasisimua, bibi mzee anasema giza ni pole, mwenye darubini anamwonyesha nyota. Kisha anarudi mtini kumweleza mama. Bado halipendi giza, anakiri waziwazi, ila yuko tayari kujaribu kidogo. Hakuna anayemlazimisha apone kwa siku moja, na hilo ndilo linalonigusa, maana watu wazima wengi tunataka mtoto aache woga leo kwa sababu sisi tumechoka leo. Sura ni saba, zinatosha wiki nzima, na hakuna hata moja inayomwacha Plop hatarini.

Najua mtasema: bundi! Katika nyumba nyingi za mji huu bundi akilia juu ya paa mtu anatoka na mawe, na mzazi mmoja ameniambia haingizi bundi chumbani kwa mwanawe hata awe wa karatasi. Naielewa hofu hiyo, nimekulia ndani yake. Hata hivyo, Plop ni bundi wa aina yenye uso mweupe, ambayo tunayo hapahapa Tanzania, na chakula chake kikubwa ni panya. Kelele zinazomtisha mtoto darini usiku mara nyingi ni za panya hao. Mtoto akijua kwamba yule anayelia nje amekuja kuwinda kile kinachokwaruza juu ya kitanda chake, umempunguzia hofu mbili kwa mkupuo. Kwangu hiyo ni sababu ya kukinunua.

Angalia mambo mawili. Kuna toleo la picha lililofupishwa, na muuzaji wa mtandaoni anaweza kukuonyesha jalada la hili akakuletea lile. Omba lenye sura saba. Pia sura moja inamhusu Father Christmas, mleta zawadi wa usiku wa Krismasi. Nyumba isiyosherehekea inaweza kuiruka na hadithi isikatike.

Namba mbili ni mfululizo wa Zoey and Sassafras wa Asia Citro, wenye michoro ya Marion Lindsay, ulioanza 2017. Nikiambiwa nichague mfululizo mmoja wa kujazia rafu, nitachagua huu bila kusita. Zoey ni binti mweusi anayeishi na paka wake Sassafras, na viumbe wa ajabu huja kwenye banda la kwao kuomba msaada. Kitabu cha kwanza kina joka mchanga. Cha pili, Monsters and Mold, ndicho cha mada yetu: dubwana la manyoya liitwalo Gorp limeota ukungu mwilini. Mtoto wa Dar haelezwi ukungu ni nini. Anauona kila masika kwenye viatu vya shule vilivyosahauliwa kabatini. Zoey hapigi mayowe wala hapigani. Anauliza, anakisia, anafanya jaribio, anaandika matokeo kwenye daftari. Sura zake zinabakisha maswali, ndiyo, lakini ni maswali ya kutafuta dawa, na aliye taabani ni zimwi. Mtoto analala akimwonea huruma kiumbe ambaye jana angemkimbia.

Wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, wanaoniuliza kama ni sawa kumfundisha mtoto urafiki na viumbe wa namna hii, kwa jinsi tulivyozoea habari za majini na popobawa. Mimi huwaambia watazame kiumbe anataka nini. Gorp haahidi utajiri wala hataki kuogopwa. Anataka kupona ngozi. Asiyeridhika abaki na Plop, naye atakuwa amepata kitabu bora kuliko vyote.

Namba tatu, Dory Fantasmagory cha Abby Hanlon, cha mwaka 2014. Dory ni kitinda mimba ambaye kaka na dada yake wamemtisha kwa hadithi ya Mrs. Gobble Gracker, mwizi wa watoto mwenye umri wa miaka 507. Ana pia rafiki zimwi, Mary, anayeonekana kwake tu. Kinachekesha sana, na kinasema ukweli mmoja ambao wazazi tunaupuuza: hofu nyingi za mtoto mdogo zimepandwa na wakubwa zake nyumbani. Kama mwanao mkubwa ndiye anayesimulia habari za vibwengo vya chooni, mpe yeye amsomee mdogo wake. Ila wasome alasiri. Huyo mama wa miaka 507 ana tabia ya kubaki chumbani.

Namba nne, The Notebook of Doom cha Troy Cummings, mfululizo wa Scholastic ulioanza 2013. Sura fupi, picha tele, na mtoto mvivu wa kusoma atakimaliza. Nimekiweka mwisho kwa sababu kimejengwa kwa kukata pumzi. Ni cha mchana, ni cha mtoto asiye na tatizo la usiku.

Vya bei nafuu: tafuta vijitabu vya Kiswahili vilivyotoka kwa msaada wa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza hapa Dar mwaka 1991, au soma bure kwenye simu hadithi za tovuti ya African Storybook. Nyingi ni hadithi moja fupi isiyo na sura, inaisha usiku huohuo. Vitabu vya kopi usiguse. Mashine ikinakili michoro inaigeuza madoa meusi, na zimwi lililochorwa likitabasamu linamfikia mtoto likiwa giza lenye meno.

Sasa nije kwa wauzaji, maana hapa ndipo ninapokasirika. Kitabu cha watoto chenye kurasa zisizofika mia kinauzwa hadi noti tatu za elfu kumi, na bado kimefungwa nailoni. Ukiomba kufungua, unajibiwa "kama hununui usichafue." Nguo tunajaribu, chungwa tunaonjeshwa, redio inawashwa kwanza ndipo tulipe. Kitabu atakacholala nacho mtoto wangu nikinunue nikiwa nimefumbwa macho? Vumbi na unyevu wa mji huu naujua, na nakubali kwamba karatasi inaharibika. Dawa yake ni ndogo: nakala moja ya kila kitabu iachwe wazi kaunta. Na mwenye duka anayeleta kitabu cha tano cha mfululizo bila cha kwanza, kisha akaniambia "watoto hawajali," aelewe kwamba watoto wanajali kuliko sisi.

Wenye vitabu vya mtumba kandokando ya barabara kule Posta wamewazidi maduka kwa hili. Wanakuacha uchuchumae usome, hakuna anayekufukuza, na mara nyingine Plop huonekana pale kwa elfu tano, gamba limekunjamana ila kurasa zote zipo. Zihesabu kabla hujalipa, hasa za mwisho, na unuse: kitabu chenye harufu ya ukungu kitawaambukiza wenzake kwenye rafu.

Ukiagiza kwa simu, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa wa mwisho wa sura ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Akikataa, usimtumie hela.